Saa Mbili Huku, Saa Nane Kule

Jumatatu, 5 Februari

Nyokabi amenipa daftari hili. Jalada lina picha ya mashua, na ndani ameandika kwa kalamu ya dhahabu kwamba nijaze kumbukumbu tamu tupu. Basi naanza na chungu: sitaki kwenda safari hii, na wote watatu wanajua.

Niwaandike vizuri, nisije nikaambiwa baadaye niliwasingizia. Tulikutana mwaka 1999 kwenye darasa la Kiswidi la wageni, benchi la nyuma, watu wanne tusiojua hata kuulizia mkate dukani. Hervé ni wa Bukavu, Kongo, kama mimi, leo ni fundi wa lifti. Précieuse ni wa Uvira, anaongoza kwaya kule Skärholmen na hawezi kuosha sahani bila kuimba. Nyokabi ni Mkenya wa Nyeri, anafanya kazi kwa daktari wa meno Sundbyberg, na ndiye rafiki yangu wa kwanza katika nchi hii. Mimi ni Maombi, dereva wa treni za chini ya ardhi, njia ya kijani. Nakaa Rågsved, hapa Stockholm, na binti yangu Emérithe.

Tuliahidiana kwamba tukitimiza miaka ishirini na mitano tutasafiri pamoja mahali penye jua. Imetimia. Hervé alifundishwa kuendesha mashua ya tanga na mzee Mswidi jirani yake, na tangu apate cheti hatulali kwa kelele zake. Tunakwenda Martinique, huko Karibi, wiki nzima ndani ya mashua ya kukodi, nahodha yeye.

Na mama yangu yuko Bukavu, miguu imevimba, analala ameketi. Kazini nimepewa wiki moja tu ya likizo hadi Julai, na ni wiki hiyohiyo. Emérithe ana miaka kumi na tisa na anasema kwa Kiswidi chake kwamba niache kulalamika, niamue. Rahisi kwake.

Ijumaa, 9 Februari

Hervé ametuma orodha ya vitu vya kubeba. Namba kumi na moja: moyo mkunjufu. Sijamjibu.

Jumanne, 13 Februari

Leo Waswidi wanakula yale maandazi yao ya krimu kabla ya Kwaresima, na Nyokabi alituita kwake tuyale. Nikawaambia kabla sijaketi: siji, naenda kumwona mama yangu.

Hervé akaweka kikombe chini. "Maman Emérithe, mama yako eko na Alphonse, eko na docteur. Weye utaenda kufanya nini kule? Kumupimia tension ya damu?"

Alphonse ni kaka yangu, na ni kweli anamtunza Mama vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Hii kitu tumeipanga two years, Maombi," Nyokabi akasema. "Mama utamwona July, na utakaa mwezi mzima. Wewe umechoka. Angalia macho yako."

Nikampigia Mama palepale, simu ikiwa na sauti ya nje, ili awaambie mwenyewe kwamba ananihitaji. Akanigeuka mbele ya watu. "Uende tu, mwana yangu. Miye sijaonaka bahari. Ukirudi utanielezea iko namna gani."

Hervé alipiga makofi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikula maandazi mawili.

Jumanne, 20 Februari

Theluji. Swichi za reli zimeganda, nimesimama na treni Gullmarsplan dakika arobaini. Abiria mmoja amegonga mlango wangu kana kwamba theluji nimeinyesha mimi.

Jumamosi, 24 Februari, Martinique

Joto. Hervé amevaa kofia ya unahodha tangu uwanja wa ndege wa Paris. Ametoa mkebe wa biskuti na kusema simu zote ziingie humo, tuzitoe nusu saa tu kila jioni. Eti hii ni likizo. Hata ofisini hawanipangii hivyo, lakini wenzangu walitii, nami nikaiweka yangu.

Jumapili, 25 Februari

Jioni nimeongea na Mama. Sauti yake ndogo. Aliniuliza kama maji ya bahari yana chumvi kweli au watu huzidisha tu. Nikasema bado sijayaonja, nayaogopa. Akacheka, akakohoa sana. "Uyaonje, uniambie," akasema.

Jumatatu, 26 Februari

Upepo. Hervé anafoka amri kwa Kifaransa siku nzima, na kila kamba ina jina. Nimemwambia mimi huendesha watu mia nane kwa safari moja bila kupaza sauti. Précieuse ameimba toka asubuhi mpaka tukatia nanga. Nakiri machweo yalikuwa mazuri.

Jumanne, 27 Februari

Nyokabi ameangusha simu yangu baharini!

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa chini napika mayai. Nikasikia Hervé na yeye wanavutana kwa sauti za chini, kisha kitu kikatumbukia. Nikapanda. Nyokabi amesimama pembeni, mikono mitupu, mkebe uko wazi. Eti alitaka kunipiga picha kwa simu yangu, ikateleza.

Nilimsema. Nilimwambia hajawahi kushika kitu cha mtu kikabaki kizima, tangu mwavuli wangu wa mwaka 2000. Akalia. Alilia hadi akakaa chini, na simu haikuwa hata yake. Hervé alimwangalia tu, kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kama nimekula.

Jioni nimeomba simu ya Hervé nimpigie Mama. Hakuna mtandao kwenye ghuba hii, amesema. Ya Précieuse imeisha chaji. Ya Nyokabi sikuiomba, sisemi naye.

Jumatano, 28 Februari

Wananitendea kama mgonjwa. Précieuse amenimenyea chungwa. Hervé ameniachia usukani saa mbili nzima bila kunisahihisha, na nilipokosea amesema si kitu. Si kitu! Mtu huyuhuyu juzi alinifokea kwa sababu nilikalia kamba.

Précieuse hajaimba tangu jana. Anasema koo.

Alhamisi, 29 Februari

Tumepita mbele ya kijiji, na kwa macho yangu nimeona mwanamke ufukweni anaongea kwa simu. Nikamwambia Hervé tutie nanga hapa, nishuke nikaazime. Amesema upepo hauruhusu. Tumelala kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja. Nitaongea na Mama Jumapili nikifika nyumbani, na huyu nahodha nitamwambia yake.

Ijumaa, 1 Machi

Leo nimeruka!

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia kabisa. Kabla ya saa mbili Hervé alizima injini akavua kofia, akasema anataka kusikiliza upepo. Précieuse alishuka chumbani kwake. Nyokabi akanishika mkono, nami nikamwacha anishike, kwa maana hasira ya simu ilikuwa imeanza kunichosha. Tukakaa kimya. Kimya chenyewe kilikuwa kizuri, na sijui nini kikanipanda kichwani, nikasema sasa hivi naruka. Mwanamke wa miaka hamsini, asiyejua kuogelea, na koti la kujiokoa la rangi ya chungwa. Nikaruka saa mbili kamili. Nilipiga kelele hadi ndege wakaondoka. Nilipoibuka walikuwa wote watatu ukingoni wananitazama, nikawaambia pigeni makofi basi, wakapiga.

Ni kweli, yana chumvi, na hakuna anayezidisha. Nitamwambia Mama.

Jumamosi, 2 Machi

Tunafunga mizigo. Hakuna anayeongea.

Jumapili, 3 Machi

Mama amekufa. Alikufa Jumanne alfajiri. Wamemzika Ijumaa. Wote walijua.

Jumanne, 5 Machi

Naandika jikoni. Sebuleni kuna watu kumi na wanane na sufuria ambazo si zangu.

Tangu uwanja wa ndege hawakutaka niende nyumbani peke yangu. Niliwaambia njia ya Rågsved naijua, naiendesha kila siku. Wakanifuata hata hivyo, na mabegi yao. Kwenye ngazi za ghorofa yetu, nje ya mlango wangu, nikaona viatu. Viatu vya watu wazima, vyeusi, vimejaa mpaka mlango wa jirani. Mimi mwenyewe nimevua viatu kwenye mafungu kama hayo mara nyingi sana. Nikajua pale, kabla Emérithe hajafungua mlango akiwa na gauni lake jeusi.

Kwetu habari ya kifo haipigwi simu. Mtu anaendewa. Watu wa nyumbani wanampigia mmoja aliye karibu naye, huyo anakusanya wengine, wanakwenda, wanaketi, wanaulizia watoto, wanaomba maji, na wanahakikisha kwanza kama amekula. Ndipo anaambiwa, akiwa katikati ya mikono ya kumshika. Naijua kazi hiyo kwa sababu ndiyo yangu. Miaka ishirini sasa, Mkongo akifiwa hapa Stockholm, na hata Mkenya, mimi ndiye ninayetumwa. Wanasema ninajua. Kwa hiyo niliyofanyiwa kwenye mashua nilikuwa nayajua hatua kwa hatua, pamoja na lile swali la kama nimekula, na sikuyaona.

Alphonse alimpigia Hervé Jumanne asubuhi. Leo Hervé alisimama katikati ya sebule yangu akaeleza, mbele ya mchungaji.

"Alphonse mwenyewe njo alisema tunyamaze kwanza. Maombi, mutu akiambiwaka anajitupa chini, batu banamukamata. Kule ku mayi ya bahari ungejitupa wapi?"

"Kwa hiyo mkaniacha nicheke siku nne?"

"Ulikuwa mbali. Haungefika."

"Nani alikuambia? Ulinipa ratiba ya ndege nikashindwa kuisoma?"

Akaanza kusema mapenzi ya Mungu. Nikamwambia atoke. Mchungaji akasema mama, leo si siku ya maneno hayo. Nikamwambia mchungaji kwamba nyumba ni yangu na aliyekufa ni wangu. Hervé alitoka na soksi, viatu vyake vilikuwa chini ya fungu, akavitafuta huku watu wakimtazama. Sikuona haya hata kidogo.

Emérithe naye alijua tangu Jumanne. Nilipomuuliza alinijibu kwa Kiswidi kwamba walimkataza, na kwamba alilala na simu mkononi usiku wote akisubiri nimpigie ili akiuke amri. Huyo nimemsamehe.

Jirani wa chini, ambaye hulalamikia hata kiti kikiburutwa, ameleta maua.

Jumapili, 10 Machi

Watu wamekwenda. Nimefanya jambo la kijinga, nimeketi na ratiba.

Jumanne jioni kutoka Fort-de-France huko Martinique, Jumatano asubuhi Paris. Jumatano hiyo hadi Brussels. Alhamisi ndege ya Kigali, usiku niko Kigali. Basi la alfajiri hadi mpakani, saa saba mchana nimevuka daraja, saa saba na nusu niko nyumbani. Walimzika saa nane.

Ningewahi kwa nusu saa. Na kama basi lingechelewa, Alphonse angengoja, kwa sababu mimi ndiye binti wa kwanza. Mimi ndiye wa kuchagua kitenge cha kumvika. Mimi ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Alphonse anasema kitenge kilichaguliwa na mke wake, cha kijani. Mama hakupenda kijani.

Saa nane mchana ya Bukavu ni saa mbili asubuhi ya Martinique. Nimerudi kwenye ukurasa wa Ijumaa nikausoma mara tatu. Injini imezimwa. Kofia imevuliwa. Nyokabi amenishika mkono. Walikuwa wanamzika mama yangu pale juu ya mashua, kimyakimya, wao watatu, na mimi mwenye mama ndiye niliyeruka majini nikipiga kelele. Na nikawaambia wapige makofi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimezungumza na Alphonse. Alianza na "ma sœur, tulifanya juu ya mapendo." Nikakata simu. Baada ya dakika kumi nikampigia tena nikamuuliza Mama alisema nini mwisho. Amesema aliuliza kama nimeshaonja.

Jumatano, 20 Machi

Nimerudi kazini. Simu ya Hervé, sipokei. Précieuse ameacha chakula mlangoni. Nimekila, sufuria sijarudisha.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Nyokabi alikuja saa tisa. Nilimwona kwenye kitundu cha mlango, sikufungua. Akasubiri. Kisha nikasikia magoti yake chini na kile kifuniko cha tundu la barua kikafunguka.

"Maombi, najua uko hapo. Simu haikuanguka. Niliitupa."

Nilishika kitasa, kisha nikakiachia.

"Ilikuwa ina-vibrate ndani ya mkebe, mfululizo, cousins wako wote. Hervé alitaka tuizime tu. Mimi nikaona utaiwasha. Nikaitupa. Nimekuja kukuambia hiyo, si sorry. Sorry nilishaandika mara kumi hujibu."

"Ondoka," nikasema.

"Naenda. Lakini nikuulize, unakumbuka uji?"

Sikuelewa uji gani. Akaniambia. Mwaka 2008, siku ya mtihani wake wa mwisho wa kazi ya meno. Baba yake alikuwa amefariki Nyeri siku mbili kabla, na kaka yake Muriuki alinipigia mimi. Nikamwambia Muriuki aniachie. Asubuhi ya mtihani nilikwenda kwake nikampikia uji wa wimbi. Nilimtania kuhusu viatu vyake, akacheka mpaka uji ukampalia. Akaenda, akafaulu. Jioni nikamkalisha nikamwambia. Watu walinisifu kwa hilo. Na mimi nilijisifu.

"Wewe uliwahi kuzika," nikasema. "Ulifika Nyeri na ukazika."

"Niliwahi. Lakini hicho kicheko, Maombi. Sixteen years. Kila nikikumbuka Baba, nasikia mimi nacheka kwa jikoni na yeye ako mortuary."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila mtu alisema umenisaidia. Nikasema asante."

Sikufungua. Sina moyo huo bado, na nikisema ninao nitakuwa nadanganya daftari langu mwenyewe. Lakini niliketi sakafuni upande wangu, naye upande wake, mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe mara tatu. Kila ikizimika aliinuka akaiwasha.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua yenye theluji ndani yake. Nimeota uji.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemrudishia Précieuse sufuria. Alifungua mlango akaanza kulia, nikamwambia sijaja kuona machozi yake, nimeleta sufuria. Akacheka huku analia. Nimekaa nusu saa. Ananiambia baba yake Hervé kule Bukavu amelazwa, ni uzee tu, na Hervé atakwenda Juni. Nikasema vizuri. Moyoni nilisema sina haja ya kujua.

Jumamosi, 27 Aprili

Saa mbili na nusu asubuhi simu ililia. Dada yake Hervé, kutoka Bukavu.

"Papa amekufa leo mapema. Maombi, weye njo unajuaka kuambia batu. Lakini ungoje kwanza, leo eko na mashua yake."

Nilijua. Leo ni siku ambayo chama cha wenye mashua, ambako Hervé ana yake mwenyewe, kinashusha mashua majini baada ya majira ya baridi. Winchi ya kuzinyanyua inakuja mara moja tu, kila mtu ana zamu yake, na anayeikosa mashua yake inabaki nchi kavu hadi wajue watafanyaje. Hervé huisubiri siku hii kuliko Krismasi.

Nilivaa. Nilipanda treni hadi katikati ya jiji nikabadilisha kwenda njia nyekundu, kuelekea Skärholmen, ambako chama hicho kina gati lake. Précieuse alinipigia njiani, naye ameshapata habari. "Muache amalize, Maombi. Zamu yake ni saa tano. Tutamukusanyikia kwake jioni. Nimeshaanza kupika."

Naandika sasa jinsi ilivyokuwa. Nilifurahi. Kwa vituo vinne au vitano nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilimwona Hervé ameshika kikombe cha kahawa, anapiga picha mashua yake ikielea, anacheka na wazee wa Kiswidi, halafu jioni anapanda ngazi za nyumba yake na kukuta viatu. Siku nzima ya furaha ya bure, aibebe maisha yake yote. Sikuhitaji hata kufanya ubaya. Nilihitaji tu kurudi nyumbani na kufanya kama mila inavyotaka, na kila mtu angeniambia asante.

Kisha nikafikiria uji. Nikateremka Skärholmen, nikashuka kwa miguu hadi majini.

Mashua yake ilikuwa inafuata. Mikanda ya winchi ilikuwa imeshapita chini ya tumbo lake, na Hervé yuko juu ya ngazi na kamba mkononi, amevaa ile kofia. Aliponiona uso wake ulifunguka. Alidhani nimekuja kumsamehe.

"Maman Emérithe! Umekuja! Njoo uone!"

"Shuka, Hervé."

"Kidogo tu, ni zamu yangu."

"Shuka chini."

Akanitazama. Akashuka polepole, ngazi moja moja, na alipofika ya mwisho nadhani alishajua, kwa sababu aliishikilia kama mtoto asiyetaka kuingia darasani. Sikumuulizia watoto. Sikuuliza kama amekula. Nilingoja tu miguu yake yote miwili iwe ardhini, hilo nimejifunza kwao, nikamshika mikono.

"Papa yako amekufa. Leo alfajiri. Watazika Jumanne."

Alianguka kama alivyosema watu huanguka, na ni mimi peke yangu niliyekuwepo kumshika. Ni mzito. Tukaenda chini wote wawili kwenye kokoto, kofia ikabiringika. Mwendesha winchi alizima mashine. Wazee wale wakaweka vikombe vyao chini, na hakuna aliyesema neno kuhusu zamu.

Alilia muda mrefu. Kisha akainua kichwa, na macho yake yalikuwa ya hasira tupu, hasira niliyoitambua vizuri.

"Haukunipa hata dakika moja," akasema. "Hata kuiona mu mayi. Dakika moja, Maombi!"

"Nimekupa siku tatu," nikamwambia. "Kuna ndege saa kumi jioni. Kesho usiku uko Kigali, Jumatatu mchana uko kwenu. Nimeshaangalia ratiba. Simama."

Hakunishukuru. Alisimama.

Jumapili, 28 Aprili

Watu watatu wamenipigia kuniambia nimekosa utu. Mmoja ni mchungaji. Nyokabi pia amepiga. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, tukakaa kwenye simu dakika mbili hivi.

Mashua ya Hervé bado iko nchi kavu.

Jumanne, 30 Aprili

Waswidi leo wanawasha mioto kukaribisha majira mapya. Nimekuwa zamu ya mchana.

Saa tisa na dakika kumi nilikuwa mwisho wa njia, Hagsätra, nina dakika sita kabla ya kurudi. Simu ikaita mara moja. Ni ujumbe wa Hervé, wa kwanza tangu Jumamosi. Neno moja: Nimewahi.

Nimelia ndani ya chumba cha dereva, na sikumlilia baba yake. Nimelia kwa wivu. Kisha dakika zangu zikaisha, nikafuta uso, nikatembea hadi upande wa pili wa treni, nikaondoka kwa wakati.